Heshima ya mwalimu wa darasa la jioni: uchambuzi wa kisa kimoja cha Arusha

Mhadhiri wa uhandisi umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa Arusha alikuwa anakaribia kustaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumia kufundisha watu wenye kazi zao: mafundi wa viwandani, wasimamizi wa jenereta za hoteli, fundi wa pampu za maji, mama mmoja aliyekuwa na dhamana ya umeme wote wa shamba la maua upande wa Usa River. Sisi tuliopita mikononi mwake tulitaka kumpa heshima, na michango ilianza kuingia kabla kamati haijakaa. Kilichotusumbua kwa muda mrefu ni swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo: tunamheshimu kwa lipi hasa?

Nilikuwa mmoja wa wanakamati, na naandika kisa hiki kwa ajili ya wengine wenye mwalimu wa aina hii. Majina ya watu na ya chuo nimeyaacha. Msimamo wangu nautaja mapema: mwalimu wa watu wazima akisifiwa kwa maneno ya jumla, kazi yake inazikwa akiwa hai. Heshima inayomfaa ni ile inayoitaja kazi hiyo kwa undani, ili hata asiyemjua aone ni kitu gani kilifanyika na kitapotea kisipoendelezwa.

Wanafunzi aliowapata

Ngazi za ufundi nchini tunazijua: fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi. Kazini, ngazi hizo hazilingani na ujuzi kila mara. Fundi sanifu aliyekaa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha Themi anaijua mitambo yake kwa kuisikiliza tu. Anajua ni feni ipi imeanza kulia kabla bearingi haijafa. Lakini mchoro ukihitaji sahihi, anaitwa mtu mwingine. Tangu ipitishwe sheria ya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, huwezi kufanya kazi kwa jina la mhandisi bila kusajiliwa. Sheria hiyo ni nzuri, maana majengo na mitambo vinahitaji mtu wa kuwajibika. Kuna pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao umewasaidia wengi waliojifunza kazi mtaani kupata vyeti, lakini haumfikishi mtu kwenye uhandisi. Fundi wa miaka 40 mwenye ada za watoto, mkopo wa SACCOS na zamu za usiku anabaki na mlango mmoja: darasa linaloanza baada ya saa za kazi.

Nchi hii iliwahi kulipa jambo hili uzito mkubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita aende kazini kwanza, chuo kikuu kifuate baadaye. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mwaka 1973 tu, kwa hiyo kilikua huku kikipokea vijana waliokwisha kuonja kazi. Utaratibu ule uliachwa baadaye na siombi urudishwe, kwa kuwa ulikuwa na matatizo yake. Naukumbusha kwa sababu leo mwanafunzi wa uhandisi anayefikiriwa ratiba inapopangwa ni kijana wa miaka 20 aliye huru mchana kutwa. Mtu mzima anatafutiwa nafasi pembeni, na anayekubali kumfundisha huko pembeni hubaki naye hukohuko.

Darasani

Darasa lilikuwa saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Wanaotoka kazini Unga Limited walifika kwa miguu wakiwa bado na ovaroli, wa Ngaramtoni na Tengeru walitegemea vifodi. Walikuwepo pia waliotoka Moshi, kilomita kama 80, ambao wasingeweza kufika jioni hata wangetaka. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wenye zamu za usiku, alilirudia kila somo Jumamosi asubuhi. Ratiba ya chuo haikumdai hilo wala hakulipwa kwa hilo. Alisema tu kwamba mtu asikose somo la transfoma kwa sababu bosi wake amebadili zamu.

Kila muhula alidai kitu kimoja kwa kila mwanafunzi: hitilafu. Ulete hitilafu moja iliyotokea kazini kwako, uieleze, na kama inabebeka uje nayo. Alikuwa na madaftari makubwa ya jalada gumu ambamo aliandika kila hitilafu, mashine yake, dalili zake, alichodhani fundi na kilichokuja kuthibitika. Mtaala wake ulitembea juu ya madaftari hayo.

Nieleze somo moja ili asiyekuwepo aelewe. Fundi wa kinu cha unga alileta stata ya mota, ile sehemu isiyozunguka yenye koili, ikiwa imeungua. Mwalimu akaiweka juu ya meza ya mbele, akatuita tuizunguke.

"Fundi, imekufa kwa nini hii?"

"Ilizidiwa mzigo, Mwalimu."

"Ikizidiwa mzigo, joto linaingia koili zipi?"

"Zote."

"Haya, tazameni."

Tukatazama. Kundi moja la koili lilikuwa jeusi kama mkaa. Makundi mawili yaliyofuata yalikuwa bado yanang'aa kwa vanishi yake, kisha jeusi tena, kisha mawili mazima, hivyo hivyo hadi mzunguko ukaisha. Theluthi moja ya mota ilikuwa imeungua na theluthi mbili zilikuwa nzima. Akatuambia mota hii imeungwa delta, yaani koili za fezi tatu zimeungana kama pembetatu, akatupa chaki tuchore wenyewe nini kinatokea waya mmoja wa fezi ukikatika huku mota inazunguka. Tulichora, tukafuta, tukachora tena. Taratibu ikaonekana: koili za fezi moja zinabaki kati ya nyaya mbili zilizo hai na kubeba volti zote, za fezi mbili nyingine zinafuatana kwenye njia moja na kugawana volti hizo. Ile moja inabeba karibu mara mbili ya wenzake, ndiyo inayoungua. Ingekuwa imeungwa stari, ambapo koili hukutana katikati kama nyota, zingeungua theluthi mbili na theluthi moja ingebaki nzima. Kwa hiyo mota hiyo haikuzidiwa mzigo. Fyuzi moja ilikufa, mota ikaendelea kuzunguka kwa nyaya mbili.

"Na ovalodi ilikuwa wapi?" akauliza, yaani kile kifaa cha kukata umeme mota inapovuta kupita kiasi.

Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema ukweli: ilikuwa inakata mara kwa mara, msimamizi akaagiza iwekwe dairekti, umeme upite bila kinga hiyo, ili unga usisimame. Mwalimu hakumfokea. Alifungua daftari, akaandika, ndipo akageukia ubaoni kuandika fomula. Fomula ilikuja mwisho, tukiwa tayari tunajua inazungumzia nini. Wengi wetu tulikuwa tumesuka mota za namna ile mara nyingi, tukaziona koili nyeusi, tukazikata na kuzitupa bila kuzisoma.

Hesabu ndiyo iliyokuwa hofu yetu kubwa. Mtu aliyeacha shule kidato cha nne zamani ukimwandikia namba changamano siku ya kwanza, siku ya pili haji. Mwalimu alianza na rula na protrekta. Kwenye somo la pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi, alichukua kinu cha kilowati 60 chenye pawafakta ya 0.7, akatuambia sentimita moja iwe kumi. Tukachora mstari wa sentimita 6, tukapandisha pembe, tukapima upande mrefu: sentimita 8.6 hivi, yaani kama kVA 86, kipimo cha umeme wote unaovutwa. Tukachora tena kwa 0.95, upande mrefu ukawa 6.3. Tofauti ya urefu wa mistari ya wima ikatupa ukubwa wa kapasita inayohitajika kufidia umeme usiofanya kazi, kama kVAr 41. Halafu akatuomba tutoe bili za umeme za viwanda vyetu. Mteja mkubwa hulipia uniti alizotumia, na pia hulipia kiwango cha juu cha kVA alichofikia mwezi ule. Ukiona kwa rula kwamba 86 inaweza kushuka hadi 63 na mashine isagie unga uleule, unaelewa kwa nini kiwanda kinalipa hela ya bure. Mwenzetu mmoja alimpelekea bosi wake karatasi ile ya mchoro, yenye alama za rula na kila kitu, na kapasita zikafungwa. Baada ya hapo hata namba changamano zilipokuja, tulizipokea kama njia fupi ya kuandika tulichokwisha kupima kwa mkono.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye mtaala wowote. Miongoni mwetu alikuwepo mzee aliyemzidi Mwalimu umri, fundi wa siku nyingi. Kila jioni Mwalimu alipoingia alimwendea kwanza yule mzee alipokaa, akamwamkia shikamoo mbele ya darasa zima, ndipo akaenda ubaoni. Baada ya hapo mzee alikuwa mwanafunzi kama sisi, akiulizwa maswali na kukosolewa. Wengi waliokuwa wanaona aibu kurudi shule na nywele za mvi waliacha kuona aibu kwa kuliona lile tu.

Na alama hakugawa. Hili nalisisitiza, kwa sababu watu wakisikia mwalimu mwenye huruma kwa wafanyakazi hudhani mitihani yake ilikuwa miepesi. Aliwafelisha watu. Alikuwa tayari kukaa nawe hadi saa tatu usiku kukuandaa, lakini karatasi ikisema huwezi, huwezi, utarudia. Alikuwa anasema anayepita hapa ataweka sahihi juu ya umeme wa hospitali.

Alicholipa

Mwalimu huyu tulimwita Profesa. Hakuwa profesa. Cheo cha kitaaluma hupanda kwa utafiti na machapisho, na machapisho yanataka jioni tulivu na Jumamosi tupu. Zake tulizichukua sisi. Wenzake walioanza naye walipanda, wakawa wakuu wa idara, mmoja wao akawa bosi wake. Katika miaka yote ile hakuitwa hata mara moja jukwaani siku ya Mei Mosi kama mfanyakazi bora, na nadhani sababu ni rahisi: wanaopendekeza majina huondoka ofisini saa tisa na nusu, wakati yeye ndiyo kwanza anajiandaa.

Simlaumu mtu kwa nia mbaya. Utafiti ni kazi halali ya chuo, na bila utafiti mwalimu hufundisha mambo ya zamani. Kasoro ninayoiona ni kwamba darasa la jioni halikuwa na mahali pa kuandikwa. Fomu ya kupima utendaji ilikuwa na nafasi ya vipindi vya mchana, machapisho na ushauri wa kitaalamu. Somo alilolirudia Jumamosi kwa ajili ya watu wa zamu halikuonekana popote. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakirithiwi na mtu.

Mapendekezo yaliyoletwa

Kundi kubwa lilitaka sherehe: ukumbi wa Njiro, mshereheshaji, ndafu, shuka la Kimasai mabegani, zawadi za mabati na saruji kama ilivyo desturi kwa wastaafu. Kundi la pili lilitaka karakana ya umeme ipewe jina lake. La tatu, lililokuwa na wasomi zaidi, lilitaka tukiombe chuo kimtunuku uprofesa wa heshima, tufute dhuluma.

Pendekezo la tatu lilinivutia kwanza, na ndilo nililokuja kulipinga kwa nguvu zaidi. Kumwombea uprofesa ni kukubali kwamba kipimo kile kilikuwa sahihi kwake ila hakikumfikia. Kazi yake ilikuwa nyingine. Ukimvika cheo cha mtafiti, fundi wa jioni atabaki bila mwalimu anayeheshimiwa kwa kuwa mwalimu wa jioni. Isitoshe, baraza la chuo lingeuliza machapisho yako wapi, na mzee wa watu angejikuta anatetewa kwenye kikao kwa jambo ambalo hakuwahi kuliomba.

Jina kwenye karakana lilikuwa wazo zuri. Swali lilikuwa ni nini kitaendelea ndani ya karakana hiyo. Wakati huo hakuna aliyekuwa amepangiwa kulipokea darasa la jioni. Jina lake lingebandikwa juu ya mlango unaofungwa kufuli saa kumi.

Sherehe tulikuwa tumezifanya nyingi maishani na tulijua hotuba zake. Alijitoa. Alikuwa baba wa wote. Hakuchoka. Maneno hayo ni ya kweli kwake, na ni ya kweli kwa maelfu ya watu wengine, ndiyo maana hayamwonyeshi yeye. Mjumbe mmoja kutoka Moshi, mtu mzima kuliko sisi, alisema jambo lililogeuza kikao: kwetu maelezo kamili ya kazi ya mtu husomwa kwenye wasifu wa marehemu, na yeye hayuko tayari kusubiri hadi hapo.

Tukaamua kwanza kukusanya ushahidi. Kila mmoja aliombwa aandike kitu kimoja alichojifunza kwake na kukitumia kazini, akitaja mashine, mahali na kilichotokea. Sifa za jumla zilirudishwa kwa mwandishi. Kazi hii ilichukua muda kuliko ukusanyaji wa fedha, na baadhi walikasirika kurudishiwa karatasi zao, lakini kilichopatikana kilitushangaza. Mama wa shamba la maua aliandika kwamba hawashi pampu ya kisima kirefu kabla hajapima volti za fezi zote tatu na kuzilinganisha, na tangu aanze hivyo hajazika mota ndani ya kisima. Mwenzetu anayefanya kazi TPC, kiwanda cha sukari kinachojizalishia umeme kwa kuchoma makapi ya miwa, alieleza jinsi Mwalimu alivyomfundisha kuoanisha jenereta mbili kwa taa tatu za kawaida: ukizitazama zikiwaka na kufifia taratibu unaona kwa macho tofauti ya mzunguko wa mashine hizo, na zikizimika zote kwa pamoja ndipo unafunga swichi. Kabla ya hapo alikuwa akibonyeza kitufe kwa kufuata maelekezo yaliyobandikwa ukutani. Mwingine, aliyefelishwa mara mbili, aliandika ukurasa mrefu kuliko wote. Ndiye pia aliyechanga zaidi.

Karatasi hizo zilipowekwa pamoja, hoja ya kamati ilikwisha yenyewe. Kila mtu aliona kinachostahili kuheshimiwa: kurudia somo Jumamosi, hitilafu kabla ya fomula, rula kabla ya aljebra, mtihani usiolegezwa, adabu kwa mwanafunzi mzee. Mambo haya mhadhiri mwingine anaweza kuyafanya akiamua, na mkuu wa idara anaweza kuyapangia bajeti.

Uamuzi na yaliyofuata

Sherehe ilifanyika, ndogo, Jumamosi asubuhi katika saa yake ya somo na darasani kwake. Ndafu alikuwepo kwa sababu watu wa Moshi hawakukubali asiwepo. Hotuba zilikuwa zile shuhuda, zilizosomwa na wenyewe, na waliokuwa zamuni walisomewa zao. Mke wake alikaa mbele. Mwenyekiti wetu alimwambia wazi, "Mama, jioni tulizozitumia zilikuwa zako, na tumekuja kukushukuru wewe pia." Mabati tulimpa, maana tulipomuuliza mama huyo nyumbani kunahitajika nini, alisema paa, na heshima ya kweli haidharau paa.

Shuhuda zilichapwa na kufungwa kitabu. Nakala moja ni ya familia, nyingine ipo maktaba ya chuo, na nyingine alikabidhiwa mkuu wa idara mkono kwa mkono. Madaftari ya hitilafu tumeyanakili kwa idhini yake, tukiondoa majina ya viwanda na wahusika. Katika kunakili ndipo tulipoona upana wake: humo kuna vinu vya unga vilevile kurasa kwa kurasa, lakini pia kuna pampu, majokofu ya nyama, lifti, mitambo midogo ya maji. Fundi anayehamishiwa leo kituo cha umeme cha Lemugur, penye njia za kilovolti 400, atahitaji daftari jipya, na hilo bado halijaanza kuandikwa.

Fedha iliyobaki haikuwa nyingi. Tulinunua vifaa vya kupimia kwa ajili ya darasa la jioni na mota chakavu za kufundishia.

Pamoja na kitabu tuliandika barua kwa uongozi wa chuo yenye maombi mawili tu: darasa la jioni lipangiwe wahadhiri kwa jina, na vipindi vyake vihesabiwe kwenye mzigo wa kazi na katika kupandishwa cheo. La kwanza limekubaliwa. Wahadhiri wawili vijana wamepewa darasa hilo kwa kupokezana, na baadhi yetu waliokwisha kusajiliwa na Bodi wanaingia kusaidia mazoezi ya vitendo siku za Jumamosi. Mmoja wa vijana hao alikuja kuniomba nakala ya madaftari kabla muhula haujaanza, jambo lililonipa moyo kuliko hotuba yoyote ya siku ile.

Ombi la pili limepelekwa kwenye baraza la chuo na halijajibiwa. Kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, kwa sababu vijana wale wawili nao wana vyeo vya kutafuta, na wakiona jioni zao hazihesabiwi wataondoka, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuwalaumu. Barua ya pili imekwisha kuandikwa. Safari hii tumewaomba waajiri waliokubali waweke sahihi zao pia, kila mmoja akieleza fundi wake aliporudi kutoka darasani alirekebisha nini kiwandani.